Jino Moja la Mbele, Meno Matatu ya Nyuma

Juma lililopita nilizungumzia jinsi daladala zilivyozaliwa katika jiji hili, tangu siku zile ambapo magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha na kutoza shilingi tano, yaani dala, hadi Serikali ilipoyakubali rasmi mwaka 1983. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe sivyo. Bwana mmoja wa Mtoni Kijichi alinikuta kituoni akaniambia, "Historia yako imeishia kwenye lami, mzee. Sisi wengine daladala hutushusha, halafu ndipo safari inapoanza."

Bwana yule alikuwa na haki. Kwa hiyo leo nitazungumzia pikipiki. Sitazungumzia pikipiki nzima, maana hiyo ni habari ya mwaka mzima, bali kipande chake kimoja ambacho hata wengi wanaoipanda kila siku hawajawahi kukitazama. Ni duara la chuma lenye meno, limefungwa kwenye gurudumu la nyuma na kuvutwa na cheni. Mafundi wetu huliita spoketi. Iko kubwa ya nyuma na iko ndogo ya mbele inayotoka kwenye injini. Idadi ya meno ya hizi mbili ndiyo inayoamua kama pikipiki itakimbia au itavuta.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu.

Kijana huyu anaishi Chamazi, huko Mbagala ya ndani, na anaendesha bodaboda kwa mkataba. Wasiojua mkataba ni kitu gani, nitawaeleza kwa kifupi: mwenye pikipiki anakukabidhi chombo, wewe unamletea hesabu ya kila siku kwa muda mliopatana, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yako. Hesabu ya mpwa wangu ni shilingi elfu kumi kila jioni, liwake jua, inyeshe mvua. Petroli ni juu yake, cheni ni juu yake, pancha ni juu yake. Alikuwa amebakiza miezi mitano.

Alikuja kwangu Jumapili jioni. "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia, nikamkaribisha chai. Kabla kikombe hakijapoa alikuwa ameshasema shida yake. Alitaka nimkopeshe fedha abadili spoketi ya mbele, atoe ile yenye meno 14 aweke ya meno 15. "Pikipiki yangu imefungwa, mjomba. Inalia tu, haiendi. Pale kijiweni abiria mwenye haraka anachagua wanaokimbia. Nikiweka kumi na tano nitawafikia."

Nikamwambia, "Mwanangu, fedha nitakupa, lakini kesho asubuhi twende kwanza Tandika kwa fundi mmoja ninayemfahamu." Sikumwambia sababu. Sababu ni kwamba jambo hilo hilo liliwahi kunitia aibu mimi mwenyewe, na nitawasimulia, lakini kwanza tuelewane jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi.

Wengi wenu mmekulia katika nyumba yenye cherehani ya miguu. Mama anapokanyaga, gurudumu kubwa la chini linazunguka, na mkanda wa ngozi unalizungusha gurudumu dogo la juu. Kubwa likizunguka mara moja, dogo limekwisha kuzunguka mara kadhaa, na ndiyo maana sindano inakimbia kuliko mguu. Pikipiki ni cherehani iliyopinduliwa. Huku injini ndiyo inayozungusha spoketi ndogo, na kubwa ipo kwenye gurudumu. Mbele kukiwa na meno 14 na nyuma 42, ya mbele huzunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kinachopotea katika mwendo kinapatikana katika nguvu. Ukiweka meno 45 nyuma, nguvu inaongezeka na mwendo unapungua: pale ambapo injini kwa kelele ile ile ingekupeleka kilomita 80 kwa saa, sasa itakupeleka kama 75. Ukiweka 15 mbele, kwa kelele ile ile utakwenda kama 86, iwapo injini itakuwa na pumzi ya kufika huko. Na shikeni hesabu moja ambayo mafundi huijua kwa vidole bila karatasi: kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma.

Hesabu hiyo ina historia, na historia yenyewe inaanza na mkanda kama ule wa cherehani. Mwaka 1885, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walipounda kule Ujerumani kile kinachohesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli, nguvu ya injini ilipitia kwenye mkanda. Na kwa miaka mingi baadaye pikipiki nyingi za Ulaya na Marekani, pamoja na Harley-Davidson za mwanzo kabisa, ziliendeshwa kwa mkanda wa ngozi au wa mpira na kitambaa. Mkanda ni kitu chepesi, hauna kelele, na hauhitaji oili. Tabu yake anaijua kila mtu aliyewahi kusimama foleni kwenye mashine ya kusaga siku ya mvua: ukilowa au ukilegea, unateleza.

Tabu kubwa zaidi ilikuwa mlima. Pikipiki zile za mwanzo nyingi hazikuwa na giaboksi. Zilikuwa na gia moja tu, ile ya kutoka puli ya injini hadi puli ya gurudumu. Mwendeshaji akifika chini ya mlima mkali alishuka, akatoa spana, akaipanua puli ya mbele ili mkanda uzame chini na duara liwe dogo, halafu akaukata mkanda au kuweka mwingine mfupi zaidi, ndipo akapanda. Akifika juu alifanya kazi hiyo hiyo kwa kuirudisha. Hebu fikirieni mtu anayefungua spana Kimara Mwisho kila anapotoka mjini! Karibu na mwaka 1908, kampuni moja ya Uingereza iitwayo Zenith ilileta puli ambayo ungeweza kuipanua kwa kuzungusha mkono pikipiki ikiwa inatembea, na gurudumu la nyuma likasogea lenyewe ili mkanda usilegee. Wenye Zenith walianza kuwashinda wenzao vilimani mno hata wakapigwa marufuku katika baadhi ya mashindano. Kampuni haikununa. Ililichukua lile neno la kupigwa marufuku ikalifanya alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangewaelewa watu hawa vizuri sana.

Kilichoushusha mkanda kwenye kiti chake ni mlima tena. Mwaka 1911 mbio za pikipiki za kisiwa cha Man zilihamishiwa kwenye barabara inayopanda mlima Snaefell. Katika daraja kubwa, pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye cheni na giaboksi ya gia mbili, zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa haki niseme kwamba mpinzani wao mmoja, aliyefika wa pili, aliondolewa kwa kujaza petroli mahali pasiporuhusiwa. Lakini somo lilikuwa limeonekana. Mkanda haukufa siku hiyo. Triumph ya mwaka 1915, iliyobeba matarishi wengi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, bado gurudumu lake la nyuma lilizungushwa na mkanda. Hata hivyo katika miaka ya 1920 cheni ilikuwa imetawala.

Vita hiyo hiyo ilileta pikipiki nyingi katika ardhi yetu. Jenerali Smuts alipoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1916, katika jeshi lake kilikuwamo kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Masika ya mwaka ule yaliyakwamisha magari na kuua farasi na punda, na mzigo ukarudi mahali ulipokuwa tangu zamani, yaani kichwani mwa mpagazi. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 4 mwaka huo. Kila ninaposoma habari za vita ile huwaza kwamba lile tope lilikuwa linatoa taarifa mapema: chombo kilichopimwa kwa barabara ya kwingine kikija huku, ama kipimwe upya, ama kilale njiani.

Miaka mingi ikapita na pikipiki zikabaki kuwa chombo cha wachache: mishenari, bwana shamba, karani mwenye mshahara, mwenye duka na Vespa yake. Vespa sitaizungumzia sana, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar hawatanisamehe. Ile haina cheni wala mkanda wa nyuma. Gia zimefungwa hapo hapo kwenye gurudumu, na mtu wa kawaida hawezi kubadili meno yake kwa kuingia dukani na kutoka na spoketi mkononi. Unaipokea kama ilivyozaliwa.

Sasa aibu yangu. Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, nami nilikuwa nimekabidhiwa pikipiki ya 125 kwa safari za vijijini. Nyinyi mliokuwa wakubwa wakati huo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka katika miaka ya uhaba, miaka ya sabuni ya foleni na vita dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983. Ruksa ya Mzee Mwinyi ilikuwa imeanza kuleta bidhaa madukani, lakini spea ya pikipiki ilikuwa bado kitu cha kusikia. Mafundi waliishi kwa akili. Meno ya spoketi huliwa upande mmoja, ule unaovutwa na cheni, kwa hiyo yakichongoka kama meno ya papa, fundi aliifungua akaigeuza, upande mzima ukatazama kazi. Ulipata mwaka mwingine hapo. Cheni iliyorefuka ilikatwa pingili. Cheni iliyokatika iliungwa kwa pingili za cheni nyingine.

Ya kwangu ilikuwa imegeuzwa na kuliwa pande zote mbili. Stoo wakanipa spoketi ya nyuma ya pikipiki ya aina nyingine. Ikaingia baada ya kutobolewa matundu mapya. Sikuhesabu meno. Nani anahesabu meno ya zawadi? Kumbe ilikuwa na meno machache kuliko ile ya zamani, matano au sita hivi. Kwenye barabara ya lami pikipiki iliruka kama swala, nikafurahi kupita kiasi. Jumamosi hiyo nikampakia mke wangu na debe la mchele twende Kisarawe ukweni. Tulipofika kwenye vilima vya Pugu nikapunguza hadi gia ya kwanza, injini ikakoroma, ikatetemeka, ikazima. Nikawasha. Ikazima. Mara ya tatu ilianza kurudi nyuma na sisi juu yake. Mke wangu aliruka, mchele ukamwagika barabarani, na mimi nikalala chini nimekumbatia tangi la mafuta. Tulimaliza kilima kwa miguu, mimi nasukuma, yeye kimya. Kimya kile kilidumu hadi ukweni na kurudi.

Fundi wa Tandika, ambaye wakati huo alikuwa kijana kama mimi, alipoiona pikipiki ile hakuniuliza lolote. Aliinama, akahesabu meno kwa kidole, akasema, "Bwana, hii wamekupimia barabara ya Bagamoyo, wewe unakwenda Pugu." Siku hiyo ndipo nilipojifunza hesabu niliyowaeleza hapo juu.

Ulimwengu wa spea umebadilika kabisa tangu wakati huo, na mabadiliko yenyewe yana jina. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki ya CG125, iliyoundwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako oili husahauliwa na mzigo haupimwi. Injini yake ilifanywa nyepesi kutengeneza, vali zikisukumwa kwa fito badala ya cheni ya ndani, na cheni ya nyuma ikafungiwa ndani ya kasha ili mchanga usiifikie. Baadaye viwanda vya China vikaiga injini ile kwa wingi usiohesabika. Basi katika miaka ya 2000 zilipomiminika hapa pikipiki za Kichina kama SanLG, na baada yake Boxer na TVS kutoka India, bei ilishuka hadi kijana wa Mbagala akaweza kuota kuwa na yake. Neno bodaboda tulilipokea kutoka mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kati ya Kenya na Uganda, boda hadi boda. Hapa kwetu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010. Mwaka 2014 zikazuiwa kuingia katikati ya jiji.

Amri hiyo ya 2014 ililaumiwa sana na kusifiwa sana, na sitaki kuirudia kesi. Nataka tu kusema jambo ambalo sijasikia likisemwa. Bodaboda alipofungiwa nje ya lami ya mjini, kazi yake ilizidi kuwa ya pembezoni: kutoka kituo cha barabara ya Kilwa kuingia Chamazi, Mbande, Toangoma, kutoka barabara ya Morogoro kupanda Goba na Kibamba, kuvuka makorongo ya Manzese na Kigogo. Safari fupi, mchanga, vilima, kusimama na kuondoka mara mia kwa siku. Na mzigo! Kiti kilichoundwa kwa abiria mmoja kinabeba mishikaki, watu wawili au watatu waliobanana nyuma ya dereva. Kinabeba godoro, mlango, mitungi ya gesi, mbuzi mwenye mawazo yake. Pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa imepimwa kwa mtu mmoja na mwenzake kwenye barabara laini imekuja kufanya kazi ya punda.

Ndipo mafundi wa chini ya miti walipofanya walichofanya. Bila mhandisi, bila warsha, waliongeza meno ya nyuma. Ukipita Tandika au Mbagala Rangi Tatu utaziona spoketi zimetundikwa kwenye misumari kwa ukubwa wake kama sufuria dukani. Kwa kuwa cheni ina pingili, ukiongeza meno matatu unaweza kuvuta gurudumu mbele kidogo kwenye nafasi yake, au ukaongeza pingili. Kazi ya dakika arobaini na kasha la cheni halirudishwi, jambo ambalo kwangu ni kosa, maana mchanga wa Mbagala unaitafuna cheni iliyo wazi kama mchwa. Lakini fundi atakwambia kasha linamchelewesha.

Nimeshuhudia upande wa pili pia, yaani mkanda uliofufuka. Mwaka 1980 Harley-Davidson waliurudisha katika pikipiki yao ya Sturgis, safari hii ukiwa wa mpira wenye meno na nyuzi imara ndani, uliotengenezwa na kampuni ya Gates. Huu hautelezi. Kwenye barabara ndefu za Marekani unadumu maelfu mengi ya kilomita bila tone la oili. Miaka michache iliyopita niliikuta pikipiki ya namna hiyo kwenye gereji moja ya Kinondoni, ya mgeni aliyekuwa akizunguka Afrika. Ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala. Puli ya mbele meno 32, ya nyuma 70. Shida yake ni kwamba ilikuwa imepimwa kwa mwendo wa barabara kuu za kwao, na huku kwetu kila kijiji kina kibao cha 50. Gia ya mwisho hakuitumia tangu avuke mpaka, na kwenye vumbi na mzigo wake klachi ilikuwa inanuka. Alitaka puli ya mbele ya meno 30.

Mafundi wa gereji ile walifurahi, wakidhani ni kazi ya spoketi. Haikuwa. Mkanda hauna pingili. Haukatwi wala hauungwi, unanunuliwa kwa urefu wake. Umepita katikati ya vyuma hivi kwamba kuufikia ni kuvua upande mzima wa injini. Nati ya puli inafunguka kinyume, kwa kuzungusha upande ambao kwa nati nyingine ni wa kukaza, na kijana mmoja alikuwa tayari ameizidisha kukaza kabla mtu hajamzuia. Tena kipimo cha mwendo kinasoma kutoka kwenye giaboksi, hivyo ukibadili puli nacho kinaanza kusema uongo, tofauti na zile za bodaboda ambazo waya wake unatoka gurudumu la mbele. Puli yenyewe ilibidi iagizwe ng'ambo. Mgeni alikaa wiki tatu hotelini. Mkanda aliouvua ulikuwa na tundu, kokoto ilikuwa imeingia kati yake na puli. Fundi mkuu aliuinua, akautazama kwenye mwanga, akasema, "Kitu kizuri hiki. Kina haja ya barabara nzuri." Hakuwa anadhihaki.

Turudi Tandika na mpwa wangu.

Fundi sasa ni mzee mwenye mvi, amekaa kwenye kibenchi chake na vijana wawili ndio wanaoinama. Mpwa wangu alimwamkia kwa adabu, akaeleza haja yake ya meno 15. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwuliza, "Baba, kwa siku gia ya mwisho unaitia mara ngapi?"

Kijana akafikiri. "Nikiwa barabara ya Kilwa, babu. Asubuhi. Labda mara tatu nne."

"Na siku nzima uko wapi?"

"Chamazi ndani. Mbande."

"Unabeba wangapi?"

Hapo kijana akanitazama mimi, akatazama chini. Mzee hakungoja jibu. Akaanza kumweleza, polepole, kama mtu anayekunja nguo. Ukiweka 15, kwenye mchanga utaondoka kwa kuchoma klachi. Klachi ikiungua mwenye pikipiki ataikata kwenye mkataba wako. Kwenye lami, injini hii ndogo ikiwa na watu wawili haina nguvu ya kuisukuma hiyo gia, kwa hiyo utaitia gia ya mwisho na utaishia mwendo ule ule au chini yake. Kasi utakayoipata ni ya siku uko peke yako, unateremka, hujabeba mtu wa kukulipa. "Hiyo ndiyo kasi unayoitaka?"

Halafu akanyamaza, na aliyoyasema baadaye aliyasema kwa sauti ndogo. Alisema amewahi kuwafungia wengi hiyo 15, maana mteja ni mteja. Kijana mmoja alikuwa mwepesi, hana mishikaki, anapeleka vifurushi tu. Kwake ilifanya kazi vizuri. Miezi miwili baadaye ndugu zake walileta pikipiki hapo kibandani kuuliza kama inaweza kuuzwa kwa vipande. Cheni na spoketi zilikuwa nzima kabisa. "Nilizifungua mwenyewe," alisema, "sikumwachia kijana wangu."

Sisi watu wa redio na magazeti tumezoea kuzungumza juu ya bodaboda kwa mambo mawili, kofia ngumu na leseni, na tukienda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili tunarudi na maneno ya uzembe wa vijana. Uzembe upo, sikatai. Lakini yule kijana hakuamka asubuhi akaamua kukimbia. Aliamka anadaiwa elfu kumi. Mwenye chombo anataka hesabu na injini isichoke. Abiria anataka awahi kazini na asilipe zaidi ya elfu moja. Kiwanda kilipima meno bila kuwajua wote hao. Wanaokutana na hesabu hiyo uso kwa uso ni mwendeshaji na fundi, chini ya mwembe, na kati yao kuna spoketi ya bei isiyozidi kuku wawili.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo lilinifurahisha kwa sababu lilikuwa la biashara. "Na nikiweka arobaini na tano nyuma, mafuta?"

"Kwenye lami yatapanda kidogo, maana injini itazunguka zaidi," mzee akasema, asimfiche. "Kwenye mchanga yatapungua, maana hutaivuta gia ya kwanza mpaka nyumbani kwa mtu. Wewe ndiye unayejua uko wapi zaidi."

Alihesabu kwa vidole. Akasema fungeni.

Vijana wa mzee walifanya kazi ile kwa nusu saa na ushei, wakaongeza pingili mbili za cheni, wakaikaza. Nilisisitiza kasha la cheni lirudishwe na nikalipia usumbufu wake. Mpwa wangu aliondoka na mimi nyuma yake, na nakiri kwamba kwenye ule mchanga wa kuingilia kwao, mahali ambapo siku zote nilikuwa nashuka na kutembea, pikipiki ilipanda bila kelele, nami nikabaki nimekaa.

Wiki ya tatu sasa. Wenzake kijiweni wanampita barabara ya Kilwa na kumpigia honi za kejeli. Hesabu inafika, siku nyingine inazidi, siku nyingine haifiki kama zamani. Petroli anasema imebaki pale pale. Klachi hainuki tena. Spoketi ile ya zamani yenye meno 42 hakuiuza. Ameifuta oili, ameifunga kwenye gazeti, iko chini ya kitanda chake. Ameniambia siku mkataba utakapokwisha na pikipiki ikawa yake, atairudisha mahali pake, achukue barabara ya Kilwa peke yake hadi Mkuranga, bila abiria, aone inakwendaje. Nimemwambia siku hiyo aniambie kabla hajaondoka.